Kigoma kutoka 38 hadi 48.9: kisa cha grafu ya nguzo mbili

Grafu yenyewe ilikuwa na nguzo mbili tu. Ya kushoto iliandikwa 2000/01, na juu yake asilimia 38. Ya kulia iliandikwa 2011/12, na juu yake 48.9, imepakwa rangi nyekundu. Chini kulikuwa na sentensi moja: "Umaskini mkoani Kigoma umeongezeka kwa takriban pointi 11 ndani ya muongo mmoja." Huo ulikuwa ukurasa wa nne wa rasimu ya mpango wa halmashauri mojawapo ya mkoa wetu, mwaka 2018. Afisa mipango aliyeiandaa alinipigia simu jioni akaniomba niipitie kabla haijaenda kwenye baraza la madiwani.

"Mwalimu, namba zote mbili ni za ripoti rasmi," aliniambia. "Sijabuni kitu."

Kweli hakubuni. Asilimia 38 imo kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2000/01, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Asilimia 48.9 imo kwenye makadirio ya umaskini kwa mikoa yaliyofuata utafiti wa 2011/12. Kila namba peke yake ni halali. Tatizo lilizaliwa pale zilipowekwa nguzo kwa nguzo, zikasomwa kana kwamba mtu mmoja alipanda kwenye mizani ileile mara mbili.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona nguzo mbili za namna hii mara nyingi mno, Kasulu, Kibondo, Tabora mjini, na kila mara kuna uamuzi wa fedha za watu unaosubiri nyuma yake.

Nilianza na jambo rahisi, hesabu ya vidole. Sensa ya 2002 iliipa Kigoma watu karibu milioni 1.7. Sensa ya 2012 ikatoa 2,127,930. Kwa hiyo watu waliongezeka kama 450,000. Sasa chukua asilimia 38 ya wale wa mwanzo: unapata maskini kama 640,000. Chukua 48.9 ya wale wa 2012: wanazidi milioni 1 kidogo. Tofauti ni kama 400,000. Grafu ile, ukiiamini ilivyo, inasema kwamba katika kila watu kumi walioongezeka Kigoma ndani ya muongo ule, maskini waliongezeka karibu tisa. Na hayo yatokee wakati Tanzania Bara kwa ujumla ilikuwa inashuka kutoka asilimia 35.7 hadi 28.2.

Haliwezekani? Sikusema hivyo. Kagera, jirani yetu, ilikuwa na asilimia 29 katika utafiti wa 2000/01, na makadirio yaliyofuata 2011/12 yakaipa 43.3. Huko tunajua kuna kitu halisi kilichotokea: mnyauko wa migomba uliingia katikati ya miaka ya 2000 ukaangusha mashamba ambayo ndiyo chakula na ndiyo heshima ya nyumba. Inawezekana kabisa magharibi yote ilipata pigo ambalo wastani wa taifa uliuficha. Lakini mikoa miwili jirani ikiruka juu kiasi hicho kwa pamoja, mpimaji mwaminifu anajiuliza maswali mawili kwa wakati mmoja: nini kimewapata watu, na nini kimeipata rula.

Tuiangalie rula.

Utafiti wa 2000/01 ulikuwa mkubwa. Ulifikia kaya 22,178, na ulipangwa ili kila mkoa kati ya mikoa 20 ya Bara ya wakati ule uweze kupata jibu lake. Ukigawa kwa wastani ni kama kaya 1,100 kwa mkoa. Utafiti wa 2011/12 ulifikia kaya 10,186, na sampuli yake ilipangwa kutoa majibu kwa makundi matatu: Dar es Salaam, miji mingine, na vijijini. Mikoa ilishakuwa 25 baada ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu kuzaliwa mwaka 2012. Hata ungegawa sawasawa, kila mkoa ungeambulia kaya zisizozidi 410. Kwa hiyo namba ya mkoa haikuchotwa moja kwa moja kwenye madodoso ya Kigoma. Ilikadiriwa kwa kuoanisha utafiti na sensa ya 2012: unajifunza kwenye utafiti jinsi ukubwa wa kaya, paa, elimu na mali za nyumbani zinavyokwenda pamoja na matumizi, kisha unalipeleka somo hilo kwenye kaya za sensa. Ni kazi ya maarifa, na siidharau. Lakini ni kupima kwa kivuli cha mti, na 2000/01 waliukwea mti wenyewe na kamba ya kupimia.

Hata ile ya kuukwea mti ina mtikisiko wake. Kaya 1,000 zilizochaguliwa moja moja kwa kura zingekupa jibu linaloweza kupishana na ukweli kwa pointi 3 hivi kila upande. Ila kaya hazichaguliwi hivyo. Huchaguliwa vijiji kwanza, halafu kaya chache ndani ya kila kijiji, na watu wa kijiji kimoja hufanana: mvua yao moja, barabara yao moja, gulio lao moja. Mtikisiko unapanuka, na pointi 5 kila upande si jambo la kushangaza. Asilimia 38 yetu ingeweza kuwa 33 au 43. Nguzo kwenye grafu haikuonyesha hata mstari mdogo wa shaka juu yake.

Hapo ndipo nilipomweleza afisa mipango habari ya Kibirizi.

Mwaka mmoja kabla, nilikuwa na wanafunzi kwenye zoezi la mafunzo mjini Kigoma. Tuliazima njia inayotumika kwenye utafiti wa kaya: unaiachia kaya shajara, na kila siku wanaandika walichonunua, walichovuna wakala, na walichopewa. Mdadisi anapita kukagua na kupima. Kaya yangu ilikuwa karibu na mwalo wa Kibirizi, mama mmoja mwenye watoto watano, mumewe mvuvi wa dagaa. Nilikwenda na mizani ndogo ya mkono.

Siku ya kwanza alikuwa amenunua dagaa wabichi fungu moja, shilingi 1,000. Nikapima: gramu 420. Siku ya tisa, fungu moja tena, shilingi 1,000 ileile. Nikapima: gramu 170.

"Mama, fungu limepungua hivi?"

"Mwanangu, hujui kama ni mbalamwezi? Usiku mweupe dagaa hawaifuati taa. Baba watoto yuko hapo nyuma analala tangu juzi."

Wenzangu wa Ujiji na Kigoma mjini wanalijua hilo tangu utotoni. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua dagaa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikomaa, taa haishindani na anga, na mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Kipato kinakatika, na dagaa wachache wanaopatikana hupanda bei bila bei kutamkwa: fungu linabaki la 1,000 lakini linasinyaa. Kwenye shajara ya mtu asiye na mizani, siku ya kwanza na siku ya tisa zinafanana kabisa. Matumizi: 1,000. Chakula: dagaa. Ukipima gramu ndipo unaona kwamba kilo imetoka kama shilingi 2,400 hadi karibu 5,900.

Na bei ya kilo ndiyo roho ya jambo lenyewe. Mstari wa umaskini wa nchi yetu hujengwa kwa kuuliza: kapu la chakula linalotosha kumpa mtu mzima nguvu ya siku linagharimu kiasi gani, ukiongeza na mahitaji mengine ya lazima? Mwaka 2011/12 jibu lilikuwa shilingi 36,482 kwa mtu mzima kwa siku 28. Mwaka 2017/18 likawa shilingi 49,320 kwa mwezi. Ili kusema fulani yuko juu au chini ya mstari, lazima ujue shilingi yake inanunua nini pale anapoishi. Ukikosea bei za Kigoma umewahamisha watu kwenda upande wa pili wa mstari, na wao hawajabadilisha hata kijiko jikoni.

Kaya ile ilikuwa na jambo jingine. Mawese. Kwa siku zote nilizokaa nayo, sikuona hata siku moja mawese yakiandikwa kama yamenunuliwa, na kila sahani iliyopita mbele yangu ilikuwa na rangi yake. Yalikuja kwa chupa kutoka kwa shemeji yake mwenye michikichi upande wa Mwandiga. Mama hakuyaandika kwa sababu, kwa maneno yake, "hayo si ya kununua, ni ya nyumbani." Muhogo vilevile. Nilipomwomba aviandike, shajara yake ilinenepa kwa karibu theluthi. Huyo ni mtu mmoja, kaya moja, ila nakuomba ufikirie mkoa mzima wa watu wanaokula muhogo wao, maharage yao na mawese ya ndugu. Mdadisi mmoja akiuliza swali la pili, "na cha kupewa je?", na mwingine asiulize, umaskini wa Kigoma unapanda au unashuka kabla hata karatasi hazijafika Dodoma.

Hili si la kuhisi tu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifanya jaribio hapa hapa Tanzania: kaya kama 4,000 ziligawiwa kwa bahati nasibu aina 8 za madodoso ya matumizi. Wengine shajara, wengine kukumbuka siku 7 au 14, wengine orodha ndefu ya vyakula, wengine fupi. Watu wa vijiji vilevile, msimu uleule. Walipohesabu idadi ya wasiopata chakula cha kutosha, majibu yalitoka asilimia 19 hadi 68, kutegemea dodoso lipi lilitua mlangoni. Kila mara mtu anaponionyesha grafu ya miaka miwili namkumbusha namba hizo mbili, 19 na 68.

Afisa mipango alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya kisa hiki: "Kama ni hivyo, taifa zima linathubutuje kusema umaskini umeshuka?"

Linathubutu kwa sababu mara moja angalau lilirudi nyuma likapima upya. Utafiti wa 2007 ulitoa asilimia 33.6 ya umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani walio chini ya mstari mzima, na asilimia 16.6 ya umaskini wa chakula, yaani wasiomudu hata kapu la chakula peke yake. Ulipokuja wa 2011/12, kanuni zilikuwa zimebadilika kiasi kwamba kulinganisha moja kwa moja kungedanganya. Basi takwimu za 2007 zikachukuliwa tena, kaya zilezile, karatasi zilezile, zikakokotolewa kwa kanuni mpya. Umaskini wa mahitaji ya msingi ukatoka 34.4, yaani si mbali na ule wa mwanzo. Lakini umaskini wa chakula wa mwaka uleule ukashuka kutoka 16.6 hadi 11.7. Ukitumia namba ya zamani, unatangaza kwamba walioshindwa hata kula walipungua kutoka 16.6 hadi 9.7, ushindi mkubwa. Ukitumia iliyokokotolewa upya, ni kutoka 11.7 hadi 9.7. Hakuna mtu aliyeshiba au kulala njaa kati ya hesabu hizo mbili. Ilibadilika kanuni tu, ikabeba pointi karibu 5.

Kwa hiyo mfululizo ninaouamini ni huu: 34.4 mwaka 2007, 28.2 mwaka 2011/12, 26.4 mwaka 2017/18. Na hata hiyo hatua ya mwisho naishika kwa mkono mwepesi, kwa sababu 2017/18 shajara ilipunguzwa kutoka siku 28 hadi siku 14. Kuna faida ndani yake. Yeyote aliyewahi kumwachia mtu daftari mwezi mzima anajua wiki ya tatu mwandiko unakuwa mfupi, wiki ya nne unaandikwa siku moja kabla mdadisi hajaja. Siku 14 zinapata ukweli mwingi zaidi kwa siku. Lakini mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Siku 28 karibu zinaubeba wote, giza na mbalamwezi. Siku 14 zinaweza kuangukia nusu moja tu. Kaya ya mvuvi wa Kibirizi iliyopimwa kwenye giza inaonekana imetulia, na pacha wake aliyepimwa kwenye mwezi mpevu anaonekana hohehahe. Wastani wa mkoa unaweza usisogee, ila kaya zinatawanyika zaidi juu na chini, na mtawanyiko huo wenyewe unaweza kuwasukuma chini ya mstari watu ambao mwaka wao mzima uko juu yake. Tangu serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, naongeza swali hilo pia: shajara ya mvuvi imeangukia miezi ipi?

Kulikuwa na namba ya tatu ikizunguka vikaoni, kwamba "nusu ya Watanzania ni maskini." Hiyo ni ya kipimo cha kimataifa, wakati ule dola 1.90 kwa kichwa kwa siku, na kweli kwa 2018 kilitoa karibu nusu ya nchi. Mstari wa taifa huhesabu mtoto kama sehemu ya mtu mzima, wa kimataifa huhesabu kichwa ni kichwa. Kaya ya watu saba haiwezi kutoka sawa kwenye vipimo hivyo. Na mstari huo wa dola umehama mara kadhaa: 1.25, kisha 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022, na 3.00 mwaka 2025. Niliomba uondolewe kwenye rasimu, ukaondolewa.

Baraza lilipokaa, diwani mmoja wa kata ya mwambao alisimama kabla sijamaliza. Alikuwa na haki ya kukasirika. "Mwalimu, unataka kutuambia sisi si maskini? Tukishusha namba hiyo, walengwa wa mpango wa kunusuru kaya maskini wataongezwa na nani?"

Nilimjibu hivi, na bado nayasimamia maneno yale. Mheshimiwa, namba ya 48.9 hatuishushi. Tunaihamisha tu mahali pa kusimama. Ukiilinganisha na Geita, 43.7, na Kagera, 43.3, ni imara, kwa sababu mikoa hiyo ilipimwa mwaka uleule, kwa kanuni ileile, kwa kivuli kilekile. Inasema Kigoma ilikuwa na umaskini mkubwa kuliko mikoa yote ya Bara. Ukitaka kudai fedha, dai kwa hiyo, hakuna atakayeivunja. Ukiilinganisha na 38 ya mwaka 2001, atatokea mchumi mmoja wizarani atakayeuliza maswali matatu, na mpango wote utaonekana umeandikwa na watu wasiojua kupima.

Alikaa. Nadhani hakuridhika, na sikumlaumu. Mtu anayeona wapiga kura wake wakilala njaa Desemba hahitaji grafu kumwambia mambo yamekuwa mabaya.

Tulijaribu kumpa kitu kingine cha kulinganisha zamani na sasa. Sensa huuliza nyumba imeezekwa kwa kitu gani, na swali hilo hufika kwenye kaya nyingi mno kuliko utafiti wa matumizi. Tuliketi na majedwali ya 2002 na 2012. Bati zilikuwa zimeongezeka, nyasi zimepungua. Basi tukawa na paa linalosema afadhali na makadirio ya matumizi yanayosema balaa. Wengine kwenye kikao walitaka mmoja awe mwongo. Mimi naona wote wawili wanaweza kuwa wakweli: nawajua watu wa Buhigwe waliouza maharage yote ya msimu wakanunua bati, wakala muhogo mtupu hadi mavuno. Paa halipimi tumbo. Hata tumbo halipimwi na kitu kimoja. Utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Iringa na watoto waliodumaa asilimia 56.9, na Njombe 50.4, mikoa yenye chakula cha kuuza.

Rasimu ilirekebishwa usiku uleule. Nguzo nyekundu ikabaki, lakini jirani zake sasa ni Geita na Kagera, na ile ya 2000/01 ikatolewa. Sentensi iliyochukua nafasi ya ile ya mwanzo inasomeka hivi: "Makadirio yaliyofuata utafiti wa 2011/12 yanaiweka Kigoma ya kwanza kwa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara, asilimia 48.9. Makadirio ya 2000/01, asilimia 38, yalipatikana kwa njia tofauti na hayatumiki hapa kuonyesha mwelekeo."

Tukiwa tunatoka, yule diwani alinishika mkono mlangoni. Aliuliza kama inawezekana mtu akachukua zile kaya za Kigoma za 2000/01 akazikokotoa upya kwa kanuni za 2011/12, kama ilivyofanyika kitaifa kwa 2007. Nikamwambia inawezekana, jibu litakuja na mtikisiko mpana, lakini litakuwa jibu la rula moja. Akatoa daftari kwenye mfuko wa koti, akaandika miaka yote miwili, akaniomba nimtajie tena, polepole, jina kamili la utafiti.